Mji ukitaka kumeza kijiji chenu: jinsi ya kujipanga kabla ya mkutano

Hizi stori huwa zinaanza hivi hivi kila sehemu. Mtu anarusha kwenye grupu la kijiji "jamani nasikia manispaa inakuja mpaka huku kwetu", ndani ya saa moja kuna walioshaanza kupanga bei za viwanja, kuna wanaolia na makaburi ya babu zao, kijana mmoja anaandika maendeleo hayazuiliki, mwingine anamjibu kwa tusi, na mpaka usiku unaingia hakuna hata mmoja aliyeona karatasi yoyote. Alafu mkutano unaitishwa, watu wanaenda na hasira zao au furaha zao, mtendaji anaandika muhtasari wa mistari mitatu, "wananchi wameridhia", imeisha hiyo.

Naandika hii kwa sisi wa Tanzania Bara tunaokaa pembeni ya miji (Zanzibar na Kenya wana sheria zao, msichanganye). Mfano wangu mkubwa ni Moshi kwasababu ndo huku kwetu, na pia kwasababu hili suala Moshi limegoma kufa. Manispaa ina eneo la kama kilomita za mraba 59 tu, ni kadogo mno, hamu ya kuwa jiji ipo miaka na miaka, ila kila wakinyoosha mkono wanakuta Moshi Vijijini imewazunguka, juu Uru na Kibosho na Old Moshi, chini Mabogini na mashamba ya mpunga ya skimu ya Lower Moshi. Huwezi kupanua mji bila kuingia kwenye kihamba cha mtu (shamba la ukoo la migomba na kahawa kuzunguka nyumba) au shamba la mpunga la mtu. Kwahiyo ubishi lazima uwepo, na mimi sioni ubaya wa ubishi, ubaya ni kubishana bila kujua mnabishania nini.

Anzeni hapa: ni lipi kati ya haya matatu?

Kuna mambo matatu watu wanayapika chungu kimoja. La kwanza ni mpaka wa utawala kuhama, yani kijiji kinatoka halmashauri ya wilaya kinaingia kwenye mji, manispaa au jiji, na kinaacha kuwa kijiji kinakuwa mtaa au mitaa. Hilo ni la TAMISEMI na mwisho wake ni Rais. La pili ni eneo kutangazwa eneo la upangaji chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, ile watu wanaita "eneo limeiva", hilo ni la Waziri wa Ardhi na linaweza kuwapata hata kama mpaka wa utawala haujasogea hata hatua moja. La tatu ni utwaaji, serikali inachukua ardhi yako kabisa kwa ajili ya barabara, stendi, soko, shule.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, fidia ipo kwenye hilo la tatu. Mpaka kuhama peke yake hakukupi hata shilingi mia, maana kisheria hakuna alichochukuliwa mtu, shamba lako bado ni lako, kilichobadilika ni ofisi inayokusimamia. Nimeona mikutano inavunjika kwasababu nusu ya watu wanauliza watalipwa lini na afisa aliyekuja anaongelea mipaka ya kata, yeye hawaelewi na wao hawamuelewi, kila mtu anaondoka akiamini mwenzake ni mwongo.

Kwahiyo swali la kwanza mkutanoni liwe moja tu na liulizwe kwa upole: "Mheshimiwa, tunaomba kujua, hapa tunaongelea mpaka, upangaji, au utwaaji? Na karatasi yake iko wapi?" Akisema yote matatu, mwambieni ayatenganishe, kila moja na siku yake. Akisema hakuna karatasi bado ni mazungumzo tu, basi hakuna cha kuridhia siku hiyo na muhtasari uandikwe hivyo hivyo, kwamba wananchi wamepokea taarifa. Kupokea taarifa na kuridhia ni vitu viwili tofauti kabisa.

Karatasi inapita wapi

Kwa upande wa mipaka njia ni hii: mkutano mkuu wa kijiji, kamati ya maendeleo ya kata, baraza la madiwani, kamati ya ushauri ya wilaya, kamati ya ushauri ya mkoa, alafu TAMISEMI, na ikikubaliwa inatoka kwenye Tangazo la Serikali. Angalieni hiyo ngazi. Mwananchi wa kawaida ana sauti yake mwenyewe sehemu moja tu, chini kabisa pale, mkutano mkuu wa kijiji, wenye haki ya kuingia ni kila mkazi wa miaka 18 kwenda juu. Kwenye kata na baraza la madiwani mnaongelewa na diwani na mwenyekiti, huko wilayani na mkoani mnaongelewa na muhtasari. Ndo maana nasisitiza muhtasari mpaka watu wananichoka.

Kama ofisi inasema nyaraka zipo ila hamuwezi kuziona, kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, unaandika barua, unasaini, wanatakiwa wakujibu ndani ya siku 30. Usiandike barua ya kulalamika, andika barua ya kuomba: ramani inayoonyesha mpaka unaopendekezwa, muhtasari wa kikao cha baraza la madiwani kilichojadili, na ripoti ya wataalamu kama ipo. Vitu vitatu, ukurasa mmoja, peleka nakala mbili wakugongee muhuri wa kupokea kwenye ile yako.

Ramani ikija msiishie kuiangalia kwenye simu. Mtafuteni kijana anayejua GPS mtembee nao huo mpaka kwa miguu, maana kwenye karatasi mstari unapita juu ya mto, ukifika site unakuta unapita katikati ya shule, madarasa yako mjini na choo kiko kijijini.

Kila anayeongea ana lake

Hili halimaanishi watu ni wabaya ila mjue tu. Manispaa inataka ardhi ya kupanga viwanja na inataka mapato. Halmashauri ya wilaya ikipinga, jiulizeni inapinga kwa ajili yenu au kwa ajili ya ushuru na leseni inazokusanya kwenye hilo eneo. Diwani anaweza kupoteza kata, mwenyekiti wa kijiji na wajumbe wake wanaweza kupoteza viti vyao. Dalali huyo hata sisemi, habari ikishavuja tu anakuja na hela taslimu na maneno ya "uza saivi kabla serikali haijachukua bure". Hakuna kuchukua bure. Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1994 kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, kama mali nyingine yoyote. Anayekuharakisha kuuza anajua kitu ambacho wewe hujakijua, na mara nyingi kitu chenyewe ni bei.

Alafu kuna vijana na wazee, hii ndo inauma zaidi kwasababu ni ndani ya familia. Kijana anataka kiwanja kilichopimwa chenye hati aende nacho benki, mzee anasema kihamba hakigawanywi na baba yangu amelala pale chini ya migomba. Wote wana pointi. Ushauri wangu, lizungumzeni nyumbani kabla ya mkutano, mkubaliane angalau kwenye masharti hata kama hamkubaliani kwenye ndio au hapana, maana nimeshaona mtu na mwanae wanarushiana maneno mbele ya mkuu wa wilaya na wageni wanaandika tu kwenye madaftari "wananchi wamegawanyika".

Kijiji na mtaa sio kitu kimoja

Hapa ndo penye uzito na ndo watu wanapapita haraka. Kijiji kisheria ni kama mtu, halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 mpaka 25, inaweza kushtaki na kushtakiwa, inasimamia ardhi ya kijiji kama mdhamini kwa niaba yenu chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, inatoa hati za hakimiliki ya kimila, na haiwezi kugawa ardhi bila kuja kwenye mkutano mkuu. Kuna baraza la ardhi la kijiji la wajumbe saba, wanawake wasiopungua watatu, linasuluhisha migogoro pale pale chini ya mti bila wakili.

Mtaa una mwenyekiti na kamati ndogo. Hauna ardhi. Mwenyekiti wa mtaa anaandika barua za utambulisho, anaitisha mkutano, anasuluhisha ugomvi wa majirani, lakini ardhi inakuwa ardhi ya jumla, yani sio tena ardhi ya kijiji, na mamlaka ya upangaji ni manispaa. Siku afisa mipango miji akiamua pale penye malisho pawe eneo la viwanda, hakuna tena mkutano mkuu wa kijiji wa kumwambia subiri kwanza. Mtaitwa kutoa maoni, ndio, sheria ya mipango miji inataka wenye ardhi waitwe mpango unapoandaliwa, ila kutoa maoni na kutoa kibali sio sawa.

Kwahiyo kabla hamjasema ndio, kaeni muorodheshe mali za kijiji. Kila kitu: ofisi, ghala, eneo la wazi, uwanja wa mpira, msitu wa kijiji, chanzo cha maji, mfereji na ratiba yake ya zamu, eneo la makaburi ya wote, trekta la kikundi, mashine ya kukoboa, akaunti ya benki na salio lake. Andikeni ukubwa na majirani wa kila eneo. Alafu ulizeni kimoja kimoja, hiki kinaenda kwa nani? Nawaambia ukumbi utakuwa kimya. Mara nyingi hakuna aliyekuwa amefikiria, na mali ambayo haikuandikwa ndo ile mnakuja kukuta miaka mitatu baadae ina bango la kampuni.

Hesabu za mfukoni

Watu wanapenda kubishana maendeleo, maendeleo, ila tuongee hela. Umeme kwanza, mwaka 2022 bei ya kuunganishiwa iliwekwa sh. 27,000 vijijini na sh. 320,960 mjini kwa umeme wa njia moja usipohitaji nguzo. Hiyo sio tofauti ya kuchekea. Nendeni ofisi ya TANESCO mkaulize bei za leo na eneo lenu litahesabiwaje, kuna mitaa kibao ina maisha ya kijiji kabisa na ilipigania kuhesabiwa kama kijiji. Kama kuna kaya hazijavuta umeme na bei ya kijiji bado ipo, huo ndo muda wa kuvuta, usingoje mjadala uishe.

Pango la ardhi nalo, ukishapimiwa kiwanja na kupewa hati unalipa kila mwaka, na hati yenyewe ina muda, miaka 33, 66 au 99, wakati hakimiliki ya kimila haina ukomo. (Waliokuwa Dodoma enzi za CDA, ile mamlaka ya ustawishaji makao makuu, wanajua utamu wa hati za miaka 33, mpaka CDA ilipovunjwa 2017.) Kodi ya jengo ile ya LUKU, sh. 1,500 kwa mwezi nyumba ya kawaida, kama yako inakatwa tayari basi hiyo msiipigie kelele mkutanoni mtaonekana hamjui. Kibali cha ujenzi, mtaanza kukitafuta. Mifugo, ulizeni sheria ndogo za manispaa zinasemaje, ng'ombe anayekatiza barabara kijijini ni ng'ombe tu, mjini anaweza kuwa faini.

Upande wa faida nao muwe wakweli. Kupimwa kunapunguza kesi za mipaka, hati unaweza kuikopea benki, thamani ya ardhi inapanda, gari la taka linaweza kuja. Ila mkiambiwa mtapata lami kwasababu mmekuwa mjini, kumbukeni barabara za mjini na za vijijini zote ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, kwahiyo ulizeni barabara ipi, kilomita ngapi, ipo kwenye bajeti ya mwaka gani. Afisa mwenye jibu atatoa namba. Asiye na jibu atasema "mchakato unaendelea".

Masale hayatoshi

Huku kwetu mpaka ni masale, ule mmea wa majani marefu. Unapanda mstari wa masale, jirani anaona, wazee wanaona, imetosha, na ukimkosea mtu unampelekea jani la isale kuomba msamaha kwahiyo ule mmea una heshima yake. Ila mpima akija na mashine yake anatafuta bikoni, yani alama ya zege ya mpaka, na isale linang'oleka usiku mmoja. Simaanishi myang'oe. Simaanishi pia mkimbilie kumwaga zege. Fanyeni hivi: simama kwenye kona ya shamba ukiwa na jirani wa upande huo, pigeni picha nyote wawili masale yakiwa yanaonekana, simu iwe imewashwa lokesheni, zungukeni kona zote. Alafu chora mchoro wa mkono, andika upande wa mashariki fulani, magharibi fulani, kila jirani asaini, mjumbe au mwenyekiti wa kitongoji asaini na mwenyekiti wa kijiji agonge muhuri, huo muhuri wa kijiji una nguvu sasa hivi wakati kijiji bado kipo.

Kama kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji, ombeni hati za hakimiliki ya kimila sasa. Familia zenye kihamba cha urithi ambacho hakijagawanywa, andikeni muhtasari wa ukoo nani ana sehemu gani, na wanawake waandikwe, wajane hasa, maana kwenye zoezi la mjini jina lililoko kwenye fomu ndo mwenye mali na shemeji hajawahi kusahau kuandika jina lake.

Makaburi pigeni picha moja moja. Yana sheria yake ya mwaka 1969 ya kuhamisha makaburi, hayahesabiwi kama migomba.

Siku ya mkutano

Fikeni mapema, msaini mahudhurio, muhakikishe karatasi ya mahudhurio ina kichwa cha habari. Karatasi tupu isiyo na kichwa msiiguse, majina yenu yanaweza kuja kushonwa nyuma ya kitu kingine. Chagueni wasemaji watatu au wanne, kila mmoja na hoja yake, mmoja awe mwanamke anayelima huko tambarare kwasababu mara nyingi shamba linaloguswa kwanza ni lile la mahindi chini na sio kihamba cha juu. Msizomee. Wageni wakizomewa wanapata sababu ya kufunga kikao na kuandika wanachotaka.

Mkikataa, semeni mnakataa nini na kwanini, "hatutaki mji" haina msaada ikifika mkoani, ila "tunapinga vitongoji hivi viwili kuingia kwasababu ni skimu ya umwagiliaji inayofanya kazi" hiyo inasomeka. Mkikubali, kubalini kwa masharti, na masharti yawe yanahesabika: kitongoji kipi kinaingia na kipi kinabaki, mali zipi za wote zinabaki za wakazi kwa matumizi yale yale, eneo lipi libaki la kilimo kwenye mpango, upimaji usianze mpaka wenye mashamba wameitwa kwa majina. Kura zihesabiwe, waliokubali wangapi, waliokataa wangapi, wasioamua wangapi, na hizo namba ziandikwe pale pale kabla watu hawajatawanyika. Ombeni muhtasari usomwe kwa sauti. Mtendaji atasema atauandika vizuri ofisini, mwambieni kwa heshima zote ausome hata kama haujaandikwa vizuri.

Ikishapita

Msinune mkakaa nyumbani, hapa ndo wengi wanapigwa. Mwaka 1990 Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba eneo likishatangazwa la mipango miji na viwanja vikapimwa, mwenye ardhi ya kimila anatakiwa awe mwepesi kuomba kumilikishwa, akizubaa anahesabika kama mvamizi kwenye ardhi yake mwenyewe. Kwahiyo zoezi la urasimishaji, yani kupima na kumilikisha makazi yaliyojengwa bila mpango, likija ingieni kwenye kamati, msiwaachie wale wale watatu. Jueni pia kwamba kwenye urasimishaji kipande cha njia huwa mnakitoa wenyewe bila fidia, bora mkubaliane mapema njia inapita kwa nani mita ngapi kila upande. Kampuni ikija na upimaji wa kugawana viwanja, mgao usomwe kwa viwanja na sio asilimia tu, maana asilimia sitini ya viwanja vya bondeni sio sawa na arobaini ya vilivyo barabarani.

Na ikifika utwaaji wenyewe, fidia ina vipengele: thamani ya soko ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, usafiri (mzigo wa tani 12 ndani ya kilomita 20), posho ya makazi ya miezi 36 kwa mwenye nyumba anayokaa, na faida iliyopotea kwa mwenye biashara. Ilipwe ndani ya miezi sita, ikichelewa inazaa riba, na uthamini ukifika miaka miwili haujalipwa urudiwe upya. Siku ya mthamini uwepo mwenyewe shambani, hesabu naye miti, kahawa, migomba, parachichi, soma fomu kabla ya kusaini, piga picha kila ukurasa. Kigamboni mradi wa mji mpya ulitangazwa 2008 na watu wakakaa miaka wamezuiwa kuendeleza maeneo yao, kwahiyo mkiambiwa msijenge, dai barua yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya mwisho.

Mkiona lazima mahakamani, kuishtaki halmashauri kunahitaji notisi ya siku 90 kwanza, nakala kwa Mwanasheria Mkuu, kwahiyo msingoje greda lifike ndo mtafute wakili. Chama cha wanasheria na vituo vya msaada wa kisheria wanasaidia hata kuandika hiyo notisi. Na kila barua mliyopeleka au kupokea ipigwe fotokopi mbili, moja kwa katibu wenu, nyingine kwa mtu ambaye hana cheo chochote na hana mpango wa kugombea.